Nafika Mtwara Ijumaa jioni na mama yangu. Jioni ya kwanza tuipange vipi?

BINTI KIRUMBA (Jumanne, saa 2 usiku)

Habari za leo wanajukwaa, na shikamooni mlionitangulia.

Nimepata kazi Mtwara, naripoti Jumatatu. Sijawahi kuvuka Rufiji maishani mwangu. Nimezaliwa Mwanza, nimesoma Mwanza, na mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Dodoma. Mama yangu ana miaka 63 na amekataa katakata nisafiri peke yangu. Anasema hawezi kumwachia mtoto aende "kule mwisho wa ramani" bila yeye kuona anapolala. Basi tunakuja wawili. Sasa hivi tupo Mbagala kwa mama mdogo, tunapumzisha miguu baada ya ile safari ya Mwanza hadi Dar. Ijumaa alfajiri tunapanda basi, na tumeambiwa mnamo saa 10 jioni tutakuwa Mtwara.

Gesti nimeshapata, maeneo ya Shangani. Sitaki habari za nyumba ya kupanga wala za kazi, hayo yana siku yake. Nauliza hiyo jioni moja tu. Nataka iwe ya utulivu. Mama anasumbuliwa na magoti, hapendi kelele, na chakula asichokijua hagusi. Halafu hajawahi kuona bahari. Na mimi sijaiona, maana Dar tuliingia usiku tukaishia Mbagala ndani ndani. Yeye anasema bahari ni ziwa tu lililotiwa chumvi. Natamani aione siku hiyohiyo ya kwanza, kabla hajaanza kukusanya sababu za kutoipenda Mtwara.

Wenyeji nisaidieni.

MTALII WA NDANI

Mtwara kuchele! Karibu sana dada.

Ushauri wangu: msifike mpaka mjini, shukeni Mikindani, ni kama kilomita 10 hivi kabla ya mji. Muone Boma la Mjerumani la mwaka 1895, muone zile nyumba za kale, na alipoanzia Livingstone safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kisha bajaji hadi Mtwara mjini, mpitie sokoni kununua korosho, mwende Feri kuona samaki, mkae Shangani upepo uwapige, usiku mtafute sehemu yenye muziki wa taratibu. Jumamosi asubuhi sana Msimbati. Mtwara haitaki uvivu!

DADA WA LIGULA

Mimi neno langu ni moja. Kabla hujalipa hiyo gesti piga simu uulize jirani kuna nini. Sitaji jina, ila mwaka juzi nilimwekea mgeni wangu chumba kizuri, safi, feni inafanya kazi, tukasahau kuuliza. Kumbe nyuma ya ukuta kuna ukumbi wa harusi. Ijumaa! MC alimtangaza bwana harusi mpaka saa 8 usiku, mgeni wangu akafika asubuhi anawajua ndugu wote wa pande mbili kwa majina. Na omba chumba cha chini, magoti ya mama hayataki ngazi.

KONDA MSTAAFU

Marahaba binti, karibu Mtwara, na mama yetu mpe shikamoo yangu.

Mtalii wa Ndani, hiyo ratiba yako ni ya kijana aliyeshuka kwenye ndege na begi la mgongoni. Huyu anakuja na mtu wa miaka 63 aliyekaa kitini zaidi ya kilomita 550. Boma limesimama pale tangu 1895, litashindwaje kusubiri Jumapili?

Mimi nimefanya kazi ya ukonda njia hii ya kusini miaka mingi kabla sijaweka kituo Mtwara na kununua bajaji. Nilianza zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na ukishavuka kuna kile kipande cha kwenda Somanga ambacho mvua ikinyesha basi linalala hapohapo na nyie mnalala humo. Nimeteremsha watu wengi sana hapa Mtwara. Mtu akiweka mguu chini namjua huyu ana saa ngapi zimebaki za kuwa binadamu. Mama yako nampa saa 3. Panga mambo yaingie humo.

Tuanze kwenye basi, maana jioni yako inaharibikia au inatengenezekea mle. Kata tiketi upande wa kushoto. Asubuhi jua litawapiga kidogo kwa kuwa mnaelekea kusini na linatokea mkono huo, vumilieni na kanga dirishani. Ikishapita adhuhuri jua linahamia kulia, na ninyi mnabaki kivulini na bahari iko upande wenu. Mpaka Lindi mama akae kiti cha njiani ili anyooshe goti. Basi likisimama Lindi badilishaneni, akae dirishani. Hapo ataona maji ya ghuba ya Lindi, na mbele zaidi mkifika Mikindani barabara inapita karibu kabisa na maji, mikoko, mitumbwi, vyote vipo. Akiwa amesinzia usimwamshe! Watu wana tabia ya kumtikisa mzee, "Mama ona bahari, ona bahari," anafungua macho kaona nguzo ya umeme. Mwache. Yake iko Shangani.

Stendi ni Mkanaledi. Mji huu msidhani kila kitu kiko jirani. Waingereza waliupima mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga, wakitegemea mji mkubwa wenye bandari na reli. Karanga zikagoma, mitaa mipana ikabaki. Kwenye ramani ya simu utaona ni hapa na hapa, ukitembea unakuta magoti yameisha. Chukua bajaji, na bei ikubaliwe kabla mzigo haujapanda. Mzigo ukishapanda wewe huna sauti tena, nakwambia mimi mwenye bajaji.

Mkifika gesti, sasa nisikilize vizuri. Kabla hata ya kuoga, nenda jikoni uagize chakula. Wageni wa bara wanakosea hapa. Jikoni kwetu mambo hayako kwenye sahani yanakusubiri. Ukiagiza ndiyo moto unawashwa, ndiyo samaki anatolewa. Ukiagiza ukiwa na njaa utakaa saa nzima na nusu unatazama ukuta, mama anaanza kusema Mwanza mambo si hivi. Agiza mapema, sema "tutakula saa 1", mwondoke zenu mkirudi mnakuta. Mwagizie changu wa kukaanga na ugali au wali mweupe. Wa nazi muacheni kwanza, tumbo lililorushwarushwa siku nzima na halijazoea nazi linaweza kuwafanyia kioja. Kesho mchana ale wa nazi akiwa na nguvu zake.

Kisha omba beseni la maji ya vuguvugu, tia chumvi ngumi moja, mama aweke miguu dakika 10. Itakuwa imevimba, viatu vitakuwa vimeacha alama. Aoge, abadili nguo. Kitandani asipande! Akijinyoosha saa 11 ataamka saa 5 usiku macho makavu, na utakesha naye akikuuliza habari za mishahara.

Halafu giza. Ninyi watu wa Mwanza mmezoea jua kuzama saa 1 kasoro. Huku mwezi huu wa Julai saa 12 na robo limeshazama. Ni karibu dakika 40 kabla ya kwenu, maana sisi tuko mashariki zaidi na kusini zaidi. Mgeni wa kanda ya ziwa anapanga "twende saa 12 na nusu tukaone bahari", anafika anasikia sauti tu. Muwe ufukweni saa 11 na nusu.

Na maji. Hapa nina jambo langu. Mke wangu ni Mluguru, wa milimani kabisa. Mwaka 2004 alikuja Mtwara mara ya kwanza, nikampokea stendi, na mimi kwa ujinga wa mapenzi nikataka aone kila kitu siku hiyohiyo. Hajanawa hata uso. Nikampitisha sokoni, nikampitisha kwa shangazi Chikongola, tukapewa chai, nikampitisha kwa rafiki yangu Magomeni, tukapewa chai. Tunafika Shangani jua linazama, maji yamekupwa. Mbele yetu mawe, majani ya bahari yamelala kama nywele zilizolowa, vijana wawili wanarudi na pweza kwenye fimbo, na matope yanang'aa. Akasimama, viatu mkononi, akaniuliza, "Bahari yenyewe iko wapi?" Nikamwonyesha mstari mweupe kule mbali. Hakusema kitu. Tulipokaa kula mishikaki alilala na shavu juu ya meza, mhudumu akamwekea kitenge. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na kila mgeni akija nyumbani lazima asimuliwe siku nilipompeleka kuona bahari nikamwonyesha tope.

Tangu hapo sijapeleka mgeni Shangani bila kuangalia mwezi. Pwani yetu hii, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanasogea mbele kama dakika 50. Wewe una bahati: mwezi unapevuka Alhamisi. Ijumaa yatajaa mnamo saa 11. Mkifika saa 11 na nusu ndiyo kwanza yanaanza kurudi, bado yako miguuni.

Msitembee mbali. Kaeni pale mnapofikia, mtafutie mama mahali pa kukalia, si mchanga, mtu wa magoti akikaa mchangani kumnyanyua ni kazi ya watu wawili. Achukue kitenge cha mabegani, hii ni kusi, jioni upepo una baridi ambayo hamuitegemei. Ukikuta mtoto anauza ming'oko nunua kidogo. Ni mizizi ya porini, imechemshwa, unaimenya unakula na chumvi na pilipili. Yeye asipogusa sawa, wewe onja ili Jumatatu kazini uwe na la kusema.

Giza likiingia, gesti, chakula, chandarua. Mizigo msifungue yote, toeni nguo ya kulalia na mswaki.

KITUNDA NG'AMBO

Konda umemaliza yote, ila kwa nini mzee wa watu asishushwe Lindi? Anafika mapema zaidi, analala, Jumamosi mnamalizia safari bila haraka. Ghuba iko palepale mjini, kivuko cha kuja kwetu Kitunda unakitazama kinavyovuka hata bila kupanda. Na Lindi hakuna mtu anaharakisha. Ninyi Mtwara mmeshaanza mambo ya mjini.

KONDA MSTAAFU

Haya, watu wa Lindi wameamka. Wazo si baya kwa anayeugua safari. Lakini kushusha mizigo mara mbili na kutafuta gari la pili kesho yake ni kumuongezea mama siku ya kuchoka. Kitunda tutaenda siku ukitualika ukalipa nauli ya kivuko.

BINTI KIRUMBA

Asanteni sana. Mzee Konda, nimesoma kwa sauti, mama amecheka pale kwenye mishahara, anasema unamfahamu kutoka wapi. Dada wa Ligula, nimepiga simu gesti: jirani yao ni shule ya watoto, hakuna ukumbi, na chumba cha chini kipo.

Swali moja tu. Basi likichelewa je? Mama mdogo anasema njia hiyo huwa inakatika.

KONDA MSTAAFU

Inakatika masika. Mei 2024, baada ya kile Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara Somanga na watu walikwama kweli. Sasa ni kiangazi, adui yako ni pancha tu.

Mkichelewa, punguza kutoka mwanzo wa orodha, usipunguze mwisho. Acheni beseni, acheni kuoga, nawa miguu na uso, agiza chakula, nendeni. Mkifika baada ya saa 12 na nusu msiende kabisa. Laleni, bahari ya asubuhi nayo ni bahari. Lakini Jumamosi usimpeleke saa 5 mchana, atakuta lile tope la mke wangu.

BINTI KIRUMBA (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Nimerudi kutoa ripoti, maana wengi mmeniuliza.

Pancha ilikuwepo. Nangurukuru, dakika 50 tumesimama chini ya mwembe. Mama alifurahi badala ya kukasirika, goti lilipata kunyooka na alipata mwanamke wa Kilwa wa kupiga naye soga. Tulikaa kushoto kama ulivyosema. Lindi tulibadilishana viti. Dakika tatu baadaye amelala fofofo, mdomo wazi, Mikindani yote imepita bila yeye. Sikumwamsha mzee wangu, ila iliniuma.

Mkanaledi tumefika saa 11 na robo. Kijana wa bajaji alishashika begi, nikamwambia bei kwanza, akacheka akasema dada wewe si mgeni. Gesti nikaenda jikoni moja kwa moja na vumbi langu. Dada wa jikoni akashangaa, akauliza, "Mmefika sasa hivi?" Nikamwambia changu wawili wa kukaanga, wali mmoja, ugali mmoja, saa 1. Beseni tuliliacha. Mama alinawa, akabadili gauni, akajifunga kitenge, na tukatoka.

Ilikuwa saa 12 kasoro dakika 5 tunafika. Maji yalikuwa juu, Mzee Konda. Juu kabisa, yanapiga pale karibu na ukingo, na upepo umeyachafua kidogo. Nilimpeleka kwenye gogo la mnazi ulioanguka. Hakukaa. Alisimama kimya muda mrefu, nikajua sasa atatoa kasoro. Akaniuliza, "Ng'ambo ni wapi?" Nikamwambia huku mbele hakuna ng'ambo ya kuona, mama. Akasema hata ziwa letu ukisimama mahali huioni ng'ambo, ila unajua Ukerewe iko pale. Akaangalia tena. "Hapa hakuna Ukerewe."

Kisha akainama, na kuinama kwake mnakujua kulivyo, ameshika bega langu, akachovya kidole, akaweka mdomoni. Akatema. Akasema, "Kumbe kweli." Nilidhani tangu zamani anaamini, kumbe ile "ziwa lenye chumvi" alikuwa anasema tu kwa kusikia, siku zote hakuwa na uhakika kama watu hawatii chumvi kwenye habari.

Jua lilishazama hata hatujaelewa. Ile dakika 40 uliyosema nimeiona, kwetu ingekuwa bado watu wanacheza mpira.

Ming'oko niliipata njiani, kifungu kimoja. Mimi nimeipenda, inanikumbusha viazi vikuu ila ina ladha yake. Mama akasema mizizi alikula sana wakati wa njaa, hawezi kuinunua. Lakini changu! Alianza kwa kumgeuza geuza, akasema macho yake makubwa mno, akasema ana miiba. Akamaliza wake, akala na nusu ya wangu. Hukumu aliyotoa: ana nyama, anakaangika vizuri, sato ni sato. Saa 3 kasoro alikuwa ndani ya chandarua anakoroma, na mimi nikakaa kibarazani peke yangu nasikiliza vyura, basi. Sikufungua mzigo.

Mikindani tunaenda leo mchana, Mtalii wa Ndani usinune.

Sasa kuna tatizo dogo. Jana asubuhi mama alirudi ufukweni akajaza maji ya bahari kwenye chupa ya lita moja na nusu. Anataka kumpelekea mjukuu wake Mwanza aonje, maana naye anabisha. Anaondoka Jumatano. Chupa iko dirishani na nahisi imeanza kuwa na harufu. Hayo maji yatafika?

KONDA MSTAAFU

Hayatafika, binti. Yakifika, hakuna wa kuyaonja. Mwambie dada yangu mkubwa amwage, Jumatano asubuhi nitampitisha Shangani na bajaji akachote mapya kabla ya stendi. Saa 11 alfajiri awe tayari, na chupa iwe na kifuniko kinachofunga.